Ukiuawa na Ndovu Familia Inalipwa. Ukiuawa na Mtu Je?

Mwaka jana nilifanywa mweka hazina wa matanga. Sikuomba hiyo kazi. Kwa ploti yetu mimi ndiye mtu wa simu, mtu wa video, kwa hivyo watu walipokaa kikao usiku wa pili waliangaliana tu wakasema, "Pesa zitumwe kwa huyu kijana."

Aliyekufa alikuwa kifungua mimba wa mathe anayeuza chapo hapo getini. Alikuwa anatoka kazi usiku, vijana wawili wakamtaka simu, akasita kidogo, wakamdunga kisu. Alifika hospitali akiwa hai. Aliishi saa mbili.

Hizo saa mbili zilikuwa na bili. Mochari nayo ilikuwa inahesabu kwa siku, na mwili haungetoka kabla ya daktari wa serikali kuja kuupasua, na daktari hakuwa anakuja kila siku. Ongeza jeneza, basi ya kwenda ushago, na unga wa kulisha watu waliokuja kulia. Tulichangisha siku tisa. Nilikuwa naandika jina la kila mtu kwa grupu: fulani 200, fulani 50, fulani "Mungu awatie nguvu". Tukafika shilingi 87,450. Haikutosha. Mathe akakopa chama. Binti yake wa Form Three hakurudi shule muhula huo, kwa sababu karo ilikuwa inatoka kwa mfuko wa kaka yake.

Wiki mbili baada ya mazishi nilienda kununua chapo. Mathe akaniuliza bila kuniangalia, macho yake kwa kikaango: "Kijana wangu, wewe husoma soma vitu huko kwa intaneti. Mtu akiuliwa hivi, serikali hutoa nini?"

Nikamwambia, "Wacha niangalie, mathe."

Nimeangalia. Mimi si wakili. Chuo niliacha mwaka wa pili na hata sikuwa nasomea sheria. Lakini sheria za Kenya ziko mtandaoni bure, na historia haikuulizi cheti. Hii posti ni ndefu. Chukua chai, kaa chini.

Bei ya kufa Kenya

Tuanze na kitu kitakachokukasirisha.

Ukiuawa na ndovu, kuna bei. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ilipwe shilingi milioni 5. Hapo awali ilikuwa 200,000, watu wa Taita Taveta, Laikipia na Kajiado wakapiga kelele miaka na miaka, ikapanda. Ni kweli malipo yenyewe huchelewa mpaka watu wanachoka kuuliza. Lakini namba iko kwa sheria. Mjane anaweza kuishika na kusema, "Hii ni yangu."

Ukigongwa na matatu, kuna bima. Kila gari barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na kiwango cha juu ambacho kampuni ya bima inaweza kulazimishwa kulipa kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3.

Ukifa kazini, kuna sheria ya majeraha ya kazini ya 2007. Wanaokutegemea wanastahili kulipwa mshahara wako wa miezi 96. Hiyo ni miaka 8.

Sasa, ukidungwa kisu stejini saa nne usiku kwa sababu ya simu ya elfu kumi na mbili? Hakuna namba. Hakuna mahali imeandikwa kwamba mama yako atapewa hata ya jeneza.

Usinielewe vibaya. Sina shida na familia iliyolipwa kwa sababu ya ndovu, na hata milioni 5 hairudishi mtu. Swali langu ni moja tu: tulifikaje hapa? Kwa nini jirani akikuua kwa gari mama yako ana pa kwenda, na akikuua kwa kisu hana?

Jibu ni historia. Na inaanza kabla hakujakuwa na kitu kinaitwa Kenya.

Zamani kesi ilikuwa ya familia

Jamii nyingi za hapa hazikuwa na jela. Mtu akiua, swali la kwanza halikuwa "tumfunge miaka mingapi?" Lilikuwa "ile boma iliyopoteza mtu itasimamaje tena?"

Jomo Kenyatta aliandika haya kwenye kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938. Kwa Wakikuyu, ukoo wa muuaji ulikuwa unalipa mbuzi au kondoo 100, au ng'ombe 10, kwa kifo cha mwanamume. Huko kaskazini, Wasomali wana mag, ambayo watu wa dini na watu wa Pwani tunaijua kama dia: kwa desturi ni ngamia 100. Na hayo malipo hayakutoka kwa mtu mmoja. Ukoo mzima ulichanga. Kwa hivyo wazee walikuwa na sababu nzuri sana ya kumshika kijana wao mkali mapema na kumwambia tulia, utatumaliza mifugo.

Sasa kabla mtu aanze kuniandikia "mababu zetu walikuwa wanajua", ngoja. Kifo cha mwanamke kwa Wakikuyu kilikuwa mbuzi 30, au ng'ombe 3. Dia ya mwanamke ni nusu, ngamia 50. Mifugo ilipokelewa na wanaume wa ukoo, na mjane alipata alichoachiwa. Na ukoo wenye nguvu ungeweza kulipa na kuendelea kutembea kifua mbele. Hiyo si haki ninayotaka irudi kama ilivyokuwa.

Lakini kulikuwa na wazo moja ndani yake, na hilo ndilo naomba ulishike mpaka mwisho wa hii posti: mauaji yanaacha deni, na deni lina mwenyewe. Mwenyewe ni familia.

Serikali ilichukua kesi, ikaacha deni

Halafu Mwingereza akaja.

Kuanzia 1897 walituletea sheria za jinai za India, zile walizokuwa wameshaandika kule. Mwaka wa 1930 Kenya ikapata Kanuni yake ya Adhabu, na ndiyo bado tunatumia mpaka leo, ikiwa na viraka vingi. Wazo lake ni hili: mtu akiuawa, aliyekosewa ni dola. Wakati huo dola ilikuwa Mfalme. Kesi ilikuwa inaitwa Rex dhidi ya fulani. Tukapata uhuru, tukafuta Rex tukaandika Jamhuri.

Angalia jina la kesi yoyote ya mauaji: "Jamhuri dhidi ya" halafu jina la mshtakiwa. Aliyeuawa hayuko hapo. Mama yake hayuko hapo. Yeye ni shahidi. Anaitwa siku akihitajika, anaambiwa kesi imeahirishwa, anarudi nyumbani kwa nauli yake.

Mimi sipingi serikali kuchukua kesi. Kuna uzuri mkubwa hapo. Maana yake hata kama wewe ni maskini wa mwisho na aliyekuua ni mtoto wa tajiri, kesi si yako peke yako, ni ya nchi nzima. Hakuna kulipizana kisasi. Hakuna ukoo mkubwa kukalia ukoo mdogo. Hiyo sehemu naikubali.

Shida ni kwamba ilichukua nusu moja ya kile kitu cha zamani ikaacha ile nyingine. Ilichukua hasira ya familia, haki ya familia ya kudai, na nguvu ya wazee ya kukusanya mifugo. Ile boma iliyopoteza mtu ikaambiwa: muuaji atanyongwa, nendeni nyumbani.

"Lakini si unaweza kushtaki muuaji akulipe?" Ndio, kwa karatasi unaweza. Tuna sheria ya vifo vya ajali tuliyorithi kutoka kwa ile ya Uingereza ya 1846, ambayo bunge lao lilipitisha enzi za treni kuanza kuua watu. Ukiweza kuonyesha kwamba kosa la mtu ndilo lilimuua baba yako, unaweza kudai. Pia mahakama ya jinai yenyewe ina nguvu ya kuamuru aliyehukumiwa alipe fidia. Sasa hesabu masharti: lazima ajulikane, ashikwe, ahukumiwe, na awe na pesa. Wale vijana wawili waliomdunga kaka wa watu kwa sababu ya simu, unadhani wana title deed mahali?

Kuna sehemu moja ambako ile njia ya zamani haikufa. Mwaka wa 2001 wazee wa kaskazini mashariki na majirani zao walikaa Modogashe wakakubaliana kuhusu amani, mifugo na fidia ya damu. Na mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimeelewana kwa desturi na dini, ngamia wakapeanwa. Wanasheria walibishana sana. Wengine walisema Katiba inaruhusu njia mbadala za kutatua migogoro. Wengine wakauliza, je, mwenye ngamia wengi sasa anaweza kununua mauaji? Wote walikuwa na hoja. Lakini mimi nilichokiona ni kwamba familia iliyofiwa ilienda kwa ngamia kwa sababu mahakamani hakukuwa na chochote chake.

Mama mmoja Uingereza na miaka 442

Hapa ndipo hadithi inaniuma, kwa sababu ya tarehe.

Uingereza yenyewe, iliyotuletea huu mfumo, ilikuwa na shida hii hii. Kulikuwa na mama anaitwa Margery Fry. Maisha yake yote alikuwa anapigania wafungwa watendewe kama binadamu. Uzeeni akageuka akaangalia upande wa pili: na waliokosewa je?

Alikuwa na mfano mmoja ambao huwezi kuusahau. Mwaka wa 1951 mtu mmoja alipigwa mpaka akapofuka. Mahakama ikaamuru alipwe pauni 11,500. Waliompiga walikuwa wawili, hawana kitu, wakaambiwa walipe shilingi 5 za huko kila mmoja kwa wiki. Fry akapiga hesabu: ili yule mtu amalizie kulipwa, angehitaji kuishi miaka mingine 442.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Dola imekuambia usibebe silaha, usilipize kisasi, tuachie sisi ulinzi. Inakutoza ushuru kwa hiyo kazi. Sasa kazi ikishindwa, kwa nini hasara yote ikae kwa yule mmoja aliyekuwa na bahati mbaya? Tuichange wote, vile tunachanga mtu akiumia kazini. Aliandika hayo kwenye gazeti la The Observer 1957. Mwaka uliofuata akafa. Hakuona matunda.

Matunda yakaja haraka. New Zealand ikapitisha sheria 1963, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1964: nchi ya kwanza kuweka mfuko wa serikali wa kulipa waathiriwa wa uhalifu na familia za waliouawa. Uingereza ikafuata Agosti 1964. California 1965.

Sasa weka hizo tarehe kando ya yetu. Bendera ya Mwingereza ilishuka Nairobi usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Siku 20 baadaye New Zealand inaanza kulipa. Miezi 8 baadaye Uingereza yenyewe inaanza kulipa watu wake. Sisi tulibaki na mahakama zao, kanuni ya adhabu yao, hata zile nywele za bandia za majaji. Lakini ule ukarabati walioufanya mara tu baada ya kuondoka, haukutufikia. Ni kama kurithi nyumba wiki moja kabla mwenyewe aweke paa.

Na haikuwa nchi za Wazungu peke yake. Japani mwaka wa 1974 bomu lililipuka nje ya kampuni ya Mitsubishi Heavy Industries katikati ya Tokyo, watu 8 wakafa. Waliokuwa kazini walikuwa na bima ya kazi. Waliokuwa wanapita tu hawakuwa na kitu. Unasikia hiyo? Ni ile ile ya matatu na kisu. Wajapani wakaona aibu, na kufikia 1980 walikuwa na sheria ya serikali kulipa familia hizo.

Marekani 1984 wakaunda mfuko wa kitaifa ambao hautegemei ushuru wa mwananchi wa kawaida. Pesa zinatoka kwa faini za waliohukumiwa kwenye mahakama za serikali kuu. Na Novemba 1985 Umoja wa Mataifa ukatoa tamko: pale mkosaji hawezi kulipa, serikali ijitahidi kulipa, na wakataja hasa watu waliokuwa wanamtegemea aliyekufa.

Leo Uingereza familia ya aliyeuawa ina haki ya pauni 11,000 kama mwenye kudai ni mmoja, au 5,500 kwa kila mtu kama ni wengi, na pesa za mazishi juu yake. Hawangojei muuaji ahukumiwe. Hata asipojulikana, wanalipa. Wanachotaka ni kesi iwe imeripotiwa polisi na wewe usaidie uchunguzi.

Sisi tulikuwa wapi?

Tulikuwa tunatangaza.

Nimeangalia historia yetu na nimeona mtindo mmoja. Kenya hutoa pesa za vifo kama tangazo, mara chache kama haki. Tangazo hutoka kukiwa na moto, na moto ukizima tangazo nalo hupoa.

Agosti 7, 1998, bomu ubalozi wa Marekani, Nairobi. Watu 213 waliuawa, wengi sana Wakenya waliokuwa wanapita au wako kazini majengo ya karibu. Miaka mitatu baadaye Marekani ilishambuliwa kwake, Septemba 11, na bunge lao likaunda mfuko uliolipa zaidi ya dola bilioni 7 kwa familia za waliokufa na walioumia. Familia za Nairobi zilizeeka zikizunguka mahakama na Seneti na barua mkononi.

2007 na 2008, baada ya uchaguzi. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Serikali ikatoa pesa: shilingi 10,000 kwa familia iliyofukuzwa, na shilingi 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Soma tena hapo. Kufukuzwa kulikuwa na namba. Nyumba ilikuwa na namba. Mtu aliyekufa ndani ya hiyo nyumba hakuwa na namba yake.

2010 tukapata Katiba mpya. Kifungu cha 50(9) kinaamuru Bunge litunge sheria ya ulinzi, haki na maslahi ya waathiriwa wa uhalifu. Na Bunge likatunga! Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014. Ndani yake kuna Bodi, kuna haki ya mwathiriwa kusikizwa mahakamani, na kuna kitu kinaitwa Mfuko wa Amana wa Ulinzi wa Waathiriwa. Mfuko! Kwa sheria! Yaani ile kitu Margery Fry alikufa akiitaka, sisi tuliiandika 2014.

Nikauliza kwa ploti. Nikauliza kwa grupu ya matanga, watu 140. Nikauliza wasee wa bodaboda, ambao wamezika wenzao wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia, na bado sijakutana na familia hata moja iliyoguswa na shilingi yake. Mfuko ambao mama wa chapo hawezi kuusikia, kwake ni kama haupo.

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba msamaha kwa dhuluma za zamani na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Watu wakapiga makofi. Waathiriwa waliopigiwa makofi wamekuwa wakiuliza kuhusu hizo pesa tangu siku hiyo.

Na hii ya juzi mnaijua, kwa sababu ni yetu. Baada ya vijana kuuawa kwenye maandamano ya 2024 na 2025, Agosti 2025 Rais Ruto alitangaza jopo la kushughulikia fidia ya waathiriwa wa maandamano kuanzia 2017, likiongozwa na Profesa Makau Mutua. Septemba Mahakama Kuu ya Kerugoya ikalisimamisha. Waliopinga walisema kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ambayo hiyo ni kazi yake, na Rais hawezi kujitungia jopo.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili, kwa sababu wengi tunavichanganya. Polisi akimpiga risasi kijana, pesa ambayo serikali inatoa ni fidia. Serikali ndiyo ina kosa, inalipa deni lake, na hiyo haiwezi kuwa badala ya kumshtaki aliyevuta risasi. Lakini mwizi akimdunga kisu mtoto wa mathe wa chapo, serikali haikuua. Pesa hapo ni msaada, ni mchango wa nchi nzima. Zote mbili ni haki, lakini tofauti. Na ubaya wa mtindo wa matangazo ni kwamba unahesabu tu vifo vilivyoingia kwenye habari. Aliyekufa peke yake nyuma ya steji, Jumanne, bila kamera, hana jopo.

"Pesa zitatoka wapi?"

Najua hiyo komenti inakuja, kwa hivyo niijibu kabisa.

Kila siku mahakama zetu zinapiga watu faini. Trafiki, pombe, biashara bila leseni, ufisadi ule mdogo unaofika kortini. Ukitenga sehemu ya hizo faini ziingie ule mfuko wa 2014, umeanza. Marekani inafanya hivyo tangu 1984. Hatuhitaji ushuru mpya, na Mungu anajua hatuutaki.

Mwingine atasema watu watadanganya. Watu hudanganya bima kila siku na hatujafuta bima. Ripoti ya polisi ipo, cheti cha kifo kipo, ripoti ya upasuaji ipo. Kifo cha mauaji ni mojawapo ya vitu vigumu sana kughushi nchi hii, muulize yeyote aliyewahi kungoja zile karatasi.

Na kuna hoja moja nzito zaidi, ambayo wazee wawili kwa ploti waliniambia: "Ukilipa damu, umeuza mtu." Naiheshimu. Kuna familia hazitataka, na zisilazimishwe. Lakini hakuna anayesema tununue mtu. Mochari haikumwuliza mathe kama ni dhambi kulipa. Ilimpa bili. Sote kwa grupu tulituma 50 na 200 na hakuna aliyesema tunanunua kijana wa watu. Tulikuwa tunashika boma lisianguke. Sasa serikali ndiyo iliyokaa kwa kiti cha wazee tangu 1897. Ikikalia kile kiti, ibebe na kazi yake.

Mimi siombi milioni 5. Naomba vitu vitatu vya kawaida. Bili ya mochari na upasuaji isimfuate mama ambaye mtoto wake ni ushahidi wa kesi ya Jamhuri. Kama kesi ni ya Jamhuri, mochari iwe ya Jamhuri. Watoto na wadogo waliokuwa wanasomeshwa na aliyeuawa wamalize shule. Na siku mtu anaandikisha kifo hapo kituoni, pamoja na ile namba ya OB, apewe karatasi moja kwa Kiswahili inayomwambia: sheria hii ipo, mfuko huu upo, dai hapa.

Kama hiyo karatasi itamfanya afisa wa mfuko aone haya kwa sababu mfuko ni mtupu, vizuri. Aone haya. Ndio mwanzo.

Nilichomwambia mathe

Nilirudi getini jioni moja. Nilikuwa nimepanga kumweleza kuhusu 1963 na miaka 442 na kila kitu. Nikaishia kumwambia hivi: "Mathe, kuna sheria ya 2014. Inasema kuna mfuko. Lakini sijapata mtu yeyote aliyewahi kulipwa."

Akageuza chapati. Akauliza, "Ofisi iko wapi?"

Nikamwambia tutaitafuta pamoja. Wiki iliyofuata tuliandika barua ya kwanza, mimi nikiandika, yeye akinitajia: jina la mtoto, tarehe, namba ya OB, shule ya binti. Alitaka tuongeze kwamba alikuwa anamletea maziwa kila Jumamosi. Nikamwambia hiyo haihitajiki kwa fomu. Akasema, "Andika tu." Nikaandika.

Barua imeenda. Tunangoja. Nakala niko nayo kwa simu, na kila mwezi nitaandika hapa tumejibiwa au hatujajibiwa.

Kama familia yenu ilizika mtu aliyeuawa na mkajaribu kudai chochote serikalini, mkapata au mkanyimwa, niandikie. Usitaje majina kama hutaki. Nataka tu tuhesabu, kwa sababu vifo vyetu vimekaa sana bila namba.